Tazameni Namba za Tiketi

Mhariri, mmeuliza kama dawa ya ulanguzi wa tiketi za mpira ni kuongeza askari getini Pamba Jiji inapowapokea Simba au Yanga pale uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Askari wawepo, lakini hiyo ni kufukuza nzi na kidonda kimeachwa wazi.

Tiketi ya karatasi isiyo na jina ni kama noti, anayeishika ndiye mwenyewe. Basi kila namba ya simu iuziwe tiketi 4 tu, na malipo yatoke kwenye namba hiyohiyo. Zisiuzwe zote siku moja: nusu zitoke mapema, sehemu nyingine katikati ya wiki, zinazobaki asubuhi ya mechi kwa anayetoka Magu au Sengerema. Mlanguzi akijua dirisha litafunguliwa tena, anaogopa mzigo kumdodea.

Tiketi ya simu nayo ina ugonjwa wake. Picha ya msimbo wa QR inauzwa kwa watu watano. Wa kwanza anapita, wanne wanabaki nje na hela imekwenda. Mbaya zaidi, umati ukijaa mtandao unaelemewa, mashine za kukagua haziwasiliani, na picha ileile inapita mageti mawili. Kila tiketi iandikwe geti lake, orodha ya geti hilo ipakuliwe kwenye mashine kabla ya watu kufika, na mashine za geti moja ziunganishwe kwa ruta ndogo palepale. Intaneti ikikata, bado zitaambiana nani ameshaingia.

Bei? Ya mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida, ibaki ile ambayo machinga wa Makoroboi anaimudu. Nyongeza iende VIP. Kupandisha kote ni kumfukuza shabiki anayeshangilia hadi mwisho. Aliyepata dharura arudishe tiketi kwa muuzaji, iuzwe tena kwa bei ileile. Ireland ina sheria tangu 2021 inayokataza kuuza tena tiketi za matukio makubwa kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa.

Lakini askari akimkamata mlanguzi, kabla ya kumpandisha gari asome namba za tiketi alizonazo. Zikifuatana bila kuruka, tuseme 0401 hadi 0450, na kila mnunuzi hupewa 4 tu, kitita hicho hakikupanga foleni. Kimetoka ndani, pengine kwenye fungu la waalikwa, na daftari la mgao litaonyesha nani alikisaini.