Maabara X-18: tunza risasi za kupandia

Wengi wanaokwama kwenye misheni ya maabara ya X-18 ya gemu ya S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl hujiandaa kwa vita visivyo vyenyewe. Wanaogopa kushuka, kumbe kinachowaua ni kupanda. Mazimwi ya chini yanakulia risasi kidogo kidogo, halafu ukishachukua nyaraka ulizotumwa, wanajeshi wenye fulana nzito za kuzuia risasi wanaingia kwa njia ileile uliyopitia, nawe mkononi umebaki na bastola. Kila ushauri ulio hapa chini unalenga kukufikisha kwenye nyaraka ukiwa bado na nusu ya risasi zako.

Gemu ilitengenezwa na GSC Game World ikatoka mwaka 2007, na mwaka 2024 ikafika kwenye konsoli. Vitufe ninavyotaja ni vya kompyuta.

Misheni hii unapewa na mwenye baa ya 100 Rads. Anakupa ufunguo mmoja wa maabara. Wa pili anao Borov, mkuu wa majambazi wa Dark Valley, bonde ambamo maabara iko, na hauuzwi. Kabla ya kuondoka baa, punguza mzigo. Kikomo ni kilo 50. Ukizidi hapo unakimbia hatua chache tu pumzi inakata, na ukizidi 60 husogei kabisa. Uza bunduki za akiba zote. Hakuna sababu ya kubeba tatu. Mzigo unaotosha ni huu: bunduki moja ya risasi za 5.45 na risasi 250 hadi 300, shotigani na risasi zake 40 au 50, guruneti tano, visanduku vya dawa nane, bandeji kumi, dawa za mionzi tatu, na mkate kidogo. Bandeji zisikosekane, maana ukiwa unavuja damu afya inaendelea kushuka hata adui akiwa ameshakufa, na unaishia kuchoma visanduku vya dawa kwa jeraha ambalo bandeji moja ingelifunga.

Ukiingia bondeni utakutana na Bullet wa kundi la Duty, anayeomba msaada wa kumwokoa mwenzake aliyetekwa. Ni hiari. Msaidie, kwa kuwa majambazi utakaowaua hapo ungewakuta baadaye vilevile.

Ngome ya Borov ivamie usiku. Chini ya ramani ndogo kuna mistari inayoonyesha unavyoonekana na kelele unazopiga; zima tochi, tembea umeinama, na utaona mstari wa mwanga unavyoshuka. Usisimame katikati ya uwanja, kwa sababu majambazi wanazunguka na kukuzingira pande mbili. Shika kona moja, waache waje. Borov yuko ofisini, ghorofa ya juu. Akishaanguka, fungua mwili wake uchukue ufunguo mwenyewe, hauingii kwenye begi peke yake. Kuna watu wamefika hadi mlango wa maabara ndipo wakagundua wameuacha.

Hapo seva, yaani hifadhi mchezo, kwa jina lake maalumu. F6 inaseva haraka na F7 inarudisha, ila seva ya haraka ni moja tu na inajifuta kila unapoibonyeza. Ukiseva chini kabisa ukiwa na risasi kumi na afya robo, huna pa kurudi. Seva yenye jina iwekwe mara tatu: nje ya maabara, kabla ya chumba cha nyaraka, na mara tu baada ya nyaraka.

Ndani ya maabara kuna milango miwili ya namba za siri. Namba zenyewe hupatikana kwenye maiti zilizomo humo: wa kwanza 1243, wa pili 9524. Hata ukiwa umeshazijua, maiti zipekue, zina vitu.

Snoki, mazimwi ya humo, wanakuja kwa kuruka, kwa hiyo bunduki ya risasi za mfululizo inapoteza nusu ya magazini ukutani. Hapa ndipo kazi ya shotigani. Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, subiri atue, piga akiwa hatua mbili. Poltagaisti, zimwi jingine, ndiye mwizi mkubwa wa risasi. Haonekani mwili, unaona cheche za umeme zikielea gizani, huku masanduku na mapipa yakikurukia. Kumfyatulia ovyo ni hasara. Kaa nyuma ya nguzo, mwache amalize vya kurusha, au vunja masanduku ya mbao mapema kwa kisu ili asiwe na silaha. Cheche zikitulia sehemu moja, piga kwa risasi chache chache.

Jitu kubwa la chini, sudojayanti, usipigane nalo ndani ya ukumbi wake. Likikanyaga sakafu, mtikisiko unakuumiza hata kama hujaguswa. Lina mwili mkubwa: simama mlangoni, tupa guruneti mbili au tatu, rudi kwenye korido, kisha rudia. Guruneti zote tano zikiisha hapa si hasara.

Kabla ya nyaraka kuna kiumbe wa moto. Ni jamaa ya poltagaisti, naye anawasha nguzo za moto pale uliposimama. Kosa ni kujificha pembeni, maana moto unakukuta papo hapo na kona haina njia ya pili. Zunguka chumba bila kusimama, mfuate kwa macho, piga wakati moto umewaka mahali ulipotoka. Kama afya inashuka haraka, tumia dawa ukiwa unakimbia.

Sasa hesabu. Ukiwa na risasi chini ya 120 za 5.45, afadhali urudi kwenye seva ya nje na ushuke kwa uangalifu zaidi. Wanajeshi hawafi kwa risasi mbili za kifua. Lenga kichwa, na kama umeokota risasi za kutoboa fulana, hizi ndizo za kutumia sasa. Usiwafuate. Chagua mwisho wa korido au kichwa cha ngazi, chungulia kwa Q na E bila kutoa mwili mzima, piga, rudi. Wakinyamaza, subiri kidogo; kuna anayengoja utoke. Kila anayekufa pekua, toa risasi kwenye bunduki yake kupitia begi, kisha bunduki yenyewe iache chini isipokuwa moja iliyo nzima kuliko yako.

Ukifika juu usielekee njia uliyoingilia kutoka eneo jirani la Garbage. Wanajeshi wameifunga. Toka kwa kusini hadi eneo la Cordon. Mfanyabiashara Sidorovich yuko huko, na bunduki hiyo ya ziada anainunua kabla hujaanza safari ndefu ya kurudisha nyaraka baa.