Mlonge, dawa za kifua kikuu na ini: niliyoyaona maabara na nyumbani

Dada uliyeuliza kama umpe mama yako unga wa mlonge ili dawa za kifua kikuu zisimwumize ini, pole sana kwa kuuguza. Nakujibu kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika maabara iliyopima jambo hilo hilo kwa panya, na baadaye nikamuuguza kaka yangu aliyekuwa akimeza dawa hizo.

Kule maabara majani ya mlonge tuliyaloweka kwenye spiriti, tukayachuja na kuyakausha, hadi ukabaki utomvu wa kijani iliyokolea unaonata vidoleni. Kila asubuhi panya alipewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa mrija unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, kisha ndipo akapewa isoniazidi na rifampisini, dawa mbili za kifua kikuu zinazoweza kuumiza ini. Waliopata dawa peke yake vimeng'enya vya ini, ambavyo huvujia kwenye damu ini linapoumia, vilipanda sana. Waliotanguliziwa mlonge vilipanda kidogo tu. Watafiti wengine wamechapisha matokeo yanayofanana na hayo, na kwa upande wa figo wameupima mlonge dhidi ya gentamisini, dawa ya kuua bakteria inayoweza kuumiza figo. Siyadharau hata kidogo, kwani ini linapoivunja isoniazidi hutokea mabaki yanayoziumiza seli zake, na majani hayo yana viambata vinavyopunguza madhara ya aina hiyo. Lakini panya wetu walikuwa wazima na wachanga, sumu walipewa makusudi, na mlonge uliitangulia sumu hiyo kwa kipimo kinachojulikana. Mama yako ni mgonjwa, anameza dawa nne kwa miezi 2 na mbili kwa miezi 4 inayofuata, na nguvu ya unga ulionunua sokoni hakuna aliyeipima.

Kaka yangu alikuwa akinywa kijiko cha unga huo kila asubuhi, pamoja na chupa ya mizizi aliyoletewa na jirani mwenye nia njema. Wiki ya tano alianza kuisogeza sahani ya ugali bila kuigusa. Mkojo wake hatukuutilia shaka, kwa sababu rifampisini huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa tangu siku za mwanzo. Tulishtuka ulipofanana na chai ya rangi na weupe wa macho ukawa manjano. Kimeng'enya kimoja cha ini kilikuwa kimezidi mara tano ya kiwango cha juu cha kawaida. Daktari alisimamisha kila kitu, kisha akauliza kilichomo ndani ya chupa, na sisi sote tukanyamaza. Ilibidi arudishiwe dawa moja baada ya nyingine huku akipimwa damu, na hadi leo hatujui kama kosa lilikuwa la vidonge au la mizizi.

Mimea nayo huua figo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliripoti wanawake walioharibikiwa figo kwa dawa za mitishamba za kupunguza unene, na baadaye ikathibitika kwamba zilikuwa na aristolokia, mmea wenye sumu inayoharibu figo.

Mlonge kama mboga sina neno nao. Huo unga, nakusihi, upeleke kliniki na pakiti yake kabla hajauonja, uombe apimwe ini, na pombe asiiguse. Akikataa chakula, akitapika au macho yakibadilika rangi, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.