Poni, Mahema na Likizo ya Agosti: Maswali ya Wasomaji

Safari hii tunajibu maswali kuhusu hadithi za watoto za Uingereza zenye poni, hasa zile za kambi za kujifunza kupanda. Tuanze kwa kuondoa kosa moja linaloharibu usomaji wote: poni si mtoto wa farasi. Ni farasi wa kimo kifupi, na hubaki hivyo hata akiwa na miaka 25.

Binti yangu ana miaka 9 na anasoma Kiingereza vizuri. Nimpe Black Beauty? (Mzazi, Tanga)

Bado. Kitabu hicho cha Anna Sewell, kilichotoka mwaka 1877, kiliandikwa kwanza kwa watu wazima waliofanya kazi na farasi, ili wawaonee huruma. Kifo cha Ginger, farasi jike aliyechakazwa kwa kuvuta magari ya kukodi London, ni kizito mno kwa umri huo. Akifika miaka 11 au 12 atakipenda.

Kwa sasa mpe Jill's Gymkhana cha Ruby Ferguson, cha mwaka 1949. Jill anajisimulia mwenyewe, anachekesha, na hana fedha. Anapata poni kabla ya kujua kumtunza, kwa hiyo msomaji anajifunza pamoja naye. Vitabu vya Jill ni 9, cha mwisho cha 1962, na inafaa kuvifuata kwa mpangilio. Ukivinunua vilivyotumika usishangae: poni aitwaye Black Boy amebadilishwa jina katika baadhi ya matoleo ya baadaye.

Akitaka kambi yenyewe, ipo Pony Club Camp ya Josephine Pullein-Thompson, ya mwaka 1957. Hicho ni kitabu cha tano na cha mwisho katika mfululizo ulioanza na Six Ponies (1946). Usimwanzishe na cha tano. Noel, msichana mwenye haya ambaye hajiamini, anakua polepole kitabu baada ya kitabu, na utamu wa kumwona kambini unatokana na kumjua alikotoka.

Watoto hufanya nini kutwa nzima kambini? Mbona kupanda kwenyewe ni kurasa chache? (Mwalimu wa msingi, Morogoro)

Kwa sababu kupanda ni sehemu ndogo ya kazi. Pony Club, chama cha watoto wanaopanda, ilianzishwa Uingereza mwaka 1929, na kambi yake huwa ya siku chache hadi wiki moja hivi, shule zikiwa zimefungwa. Katika hadithi hizi mkulima huazima uwanja wake, watoto hulala mahemani, na poni hufungwa kwa mstari au kuwekwa kwenye vibanda.

Kabla ya chai ya asubuhi: maji, nyasi kavu, kuzoa samadi. Kisha kupiga brashi mwili mzima na kusafisha kwato. Chuma cha kusafishia ukwato huvutwa kutoka kisiginoni kuelekea kwenye ncha, kamwe si kinyume, kwani kikirudi nyuma kinaweza kuchoma ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la pembetatu. Baada ya hapo kuna ukaguzi, na kwa maoni yetu hapo ndipo moyo wa hadithi za kambi ulipo. Mkaguzi hupitisha kidole chini ya mkanda wa tumbo unaoshikilia tandiko, hutazama jasho lililokauka nyuma ya masikio, hugeuza lijamu, chuma cha mdomoni, aone kama lina mabaki ya majani. Mtoto mwenye poni ghali na mtoto mwenye poni wa kuazima wanapimwa kwa kidole kilekile.

Mafunzo huja baadaye, kwa vikundi vinavyopangwa kwa uwezo, si kwa umri. Ugomvi mwingi wa kambi huanzia hapa: kaka mkubwa anawekwa kikundi cha chini, mdogo wake cha juu. Alasiri ni kusafisha vifaa vya ngozi, yaani tandiko na mikanda. Kila bizimu hufunguliwa, na sifongo hukamuliwa hadi ibaki na unyevu kidogo tu kabla ya kugusa sabuni. Povu likiwa jingi, maji yamezidi, na ngozi itakauka na kupasuka.

Natafsiri hadithi moja. Poni ana kimo cha "13.2". Niandike mita ngapi? (Mtafsiri, Nairobi)

Sentimita 137. Wengi hunaswa hapa kwa kuidhani hiyo nukta ni ya desimali. Kipimo ni upana wa kiganja, ambao umekubaliwa kuwa inchi 4, na namba iliyo baada ya nukta ni inchi za ziada. Basi 13.2 ni viganja 13 na inchi 2, yaani inchi 54. Ukizidisha kama desimali utapata 134, na ukikutana na "13.4" jua mwandishi amekosea, maana inchi 4 ni kiganja kingine kizima. Usitumie "shibiri", kwani hiyo ni ndefu zaidi ya mara mbili. Kimo hupimwa kutoka chini hadi pale shingo inapokutana na mgongo, si hadi kichwani. Mpaka wa kawaida wa poni ni 14.2, karibu sentimita 147.

Na maneno ya vifaa na mwendo? Nimekwama. (Huyohuyo)

Usikimbilie kukopa. Watu wa pwani wamefuga punda kwa karne nyingi na Kiarabu kimetuachia msamiati wa farasi. Tandiko ni kiti cha mpandaji. Hatamu ni mikanda ya kichwani, lijamu ni chuma cha mdomoni, na kigwe ni ukanda unaoshikwa mkononi. Kikuku ni pa kukanyagia, ila kwa kuwa neno hilo pia ni pambo la mguuni, mara ya kwanza andika "kikuku cha kupandia". Shogi achana nalo, hilo ni kikapu cha mizigo cha punda.

Mwendo una mtego wake. Kamusi za zamani hutoa "kwenda matiti" kwa mwendo wa kati. Neno ni halali, lakini ukilisoma mbele ya darasa la nne hutafika mwisho wa sentensi. Tunashauri kufuata mapigo ya kwato, kama wapandaji wenyewe wanavyohesabu. Kutembea ni mapigo manne. Mwendo wa kati ni mapigo mawili, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili vikishuka pamoja, na hapo ndipo mtoto anayeanza hurushwarushwa kitini. Mbio za polepole ni mapigo matatu. Kupiga shoti ni manne tena, ya kasi. "Mapigo mawili" yakishaelezwa mara moja, msomaji atayasikia kila yatakapotajwa.

Naandika hadithi yangu ya kambi. Ni makosa gani yatanifichua? (Mwandishi chipukizi, Zanzibar)

La kwanza ni mkanda wa tumbo kukazwa mara moja tu. Poni wengi hujaza kifua hewa unapokaza. Baada ya hatua chache mkanda umelegea, na anayepanda bila kuukaza tena huteleza na tandiko hadi ubavuni. Ukitaka mhusika aanguke kwa haki, mwangushe hivyo.

La pili ni chakula. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na hawezi kutapika, kwa hiyo akivunja mlango wa ghala na kula ndoo nzima ya nafaka, hiyo ni dharura ya daktari, si kichekesho. Poni wa kilo 300 hula takriban kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, kidogo kidogo. Nyasi mbichi zenye sukari nyingi nazo zina hatari yake, hasa kwa poni mnene: huweza kuvimba ndani ya kwato na kushindwa kutembea. Mtoto anayemwonea huruma na kumfungulia malisho usiku ni kisa kizuri, kwa sababu amekosea kwa upendo.

La tatu ni kufunga kamba moja kwa moja kwenye nguzo. Hufungwa kwenye kitanzi cha uzi mwepesi kinachokatika poni akishtuka, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Bila hivyo ataumia shingo au atang'oa nguzo.

La nne: poni mkorofi hafugiki kwa usiku mmoja. Mpe wiki nzima ya kambi, na bado siku ya mashindano akatae kizuizi cha kwanza.

Mbinu za vitabu vya zamani zifuatwe leo? (Mzazi, Nairobi)

Usafi na upole, ndiyo. Kofia, hapana kabisa: kofia za kupandia za zamani mara nyingi hazikuwa na mkanda imara wa kidevuni. Leo mtoto avae kofia ngumu ya kupandia iliyofungwa, inayomtosha, na ibadilishwe ikishapigwa kwa nguvu katika anguko, hata kama haionyeshi ufa.