Bodi ya mashine ya zamani ya michezo: pima kwanza, chuma cha kulehemu kisubiri

Ndugu, umeeleza kwamba bodi yako ya miaka ya 1980 ikiwashwa inajaza kioo herufi na vipande vya picha visivyoeleweka, na kwamba unakusudia kubadilisha kapasita zote (vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) pamoja na chipu za kumbukumbu kwa mkupuo mmoja. Nakusihi usifanye hivyo. Nimefufua bodi tatu nyumbani, na ya nne niliiharibu kabisa kwa haraka ya namna hiyohiyo: nilichomoa chipu nane za kumbukumbu, ambazo baadaye niligundua zilikuwa nzima, na kila nilipolazimisha mguu utoke, ule utando wa shaba ulio ndani ya tundu, unaounganisha upande wa juu wa bodi na wa chini, ulitoka nao.

Anza na umeme. Chipu za TTL, yaani chipu za kawaida za mantiki ambazo ndizo nyingi katika bodi hizi, zimeundwa kufanya kazi kati ya volti 4.75 na 5.25, na kipimo cha kutegemewa ni kile unachokisoma juu ya chipu yenyewe, si kwenye pawasaplai, kile kifaa kinacholisha bodi umeme. Katika bodi yangu ya kwanza pawasaplai ilikuwa inatoa volti 5.05, lakini nilipogusisha ncha za mita kwenye mguu wa 11 na wa 29 wa Z80, yaani prosesa inayoendesha mchezo, ambayo hupokea umeme kwa miguu hiyo miwili, nikasoma 4.61. Tofauti hiyo ilikuwa inapotelea kwenye meno ya ukingo wa bodi, yaani vile vipande vya chuma vinavyoingia kwenye soketi ya mashine. Katika JAMMA, mfumo wa pamoja wa kuunganisha bodi na mashine ulioanza mwaka 1985, meno hayo ni 56, yaani 28 kila upande, na ni machache tu kati yake yanayobeba umeme wa bodi nzima. Ya kwangu yalikuwa yamefanya weusi. Niliyasugua taratibu kwa raba ya kufutia penseli, nikayapangusa kwa alkoholi ya isopropili, nikabadilisha soketi iliyolegea, na kipimo kikapanda hadi 4.97. Mchezo uliokuwa ukijianza upya kila baada ya sekunde chache ukatulia siku hiyohiyo, bila chipu hata moja kuguswa. Usijaribu kufidia upungufu huo kwa kupandisha pawasaplai, kwa maana siku meno yatakaposhika vizuri, chipu zitapokea volti zisizozistahimili.

Jambo la pili ni betri, ikiwa bodi yako inayo. Betri za nikeli na kadimiamu zikizeeka huvuja, na kinachovuja ni besi kali inayokula shaba. Kwenye bodi yangu ya pili ukoko wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani ulikuwa umetambaa kiasi cha upana wa vidole viwili, na nilipodondoshea siki kwa kijiti chenye pamba, ulitoa povu dogo kisha ukalainika. Niliosha sehemu hiyo kwa maji safi, nikamalizia na alkoholi, nikaiacha ikauke usiku kucha. Kesho yake nilikwangua rangi ya juu ya njia za shaba, nikazipima moja baada ya nyingine kwa mlio wa mita, na nikakuta njia nne zimekatika mahali ambapo kwa macho zilionekana nzima. Nilizirudishia kwa waya mwembamba. Lakini kabla hujakata betri yoyote, hakikisha unajua kazi yake: katika bodi za CPS-2 za kampuni ya michezo ya Capcom, zilizoanza mwaka 1993, betri ndiyo inayotunza funguo za kusomea programu, na ukiiondoa bila maandalizi mchezo hauwaki tena.

Umeme ukishakuwa sawa, nenda kwenye prosesa. Ikiwa ni Z80, mguu wa 6 unapaswa kuwa na mapigo ya saa, yaani ishara inayojirudia ya kuiongoza prosesa, na mguu wa 26, ambao ndio wa kuianzisha upya, unapaswa kubaki kwenye volti za juu. Mguu huo wa 26 ukishuka na kupanda bila kukoma, maana yake kuna saketi ya ulinzi inayoianzisha prosesa upya kwa kuwa programu haiipi ishara kwamba iko hai. Hapo mimi huzigeukia chipu za EPROM, zinazohifadhi programu ya mchezo, kabla ya zile za kumbukumbu. Zitoe kwenye soketi, safisha miguu, zisome kwa kifaa cha kusomea na ulinganishe matokeo na orodha za MAME, mradi wa kuigiza mashine hizi kwenye kompyuta ulioanza mwaka 1997 na ambao umehifadhi namba za kuhakiki yaliyomo kwenye chipu za maelfu ya bodi. Stika iliyofunika kidirisha cha chipu usiibandue, kwa kuwa inazuia mwanga wa urujuanimno unaofuta yaliyomo.

Bodi yangu ya tatu ilikuwa na dalili zako hasa, na kosa lilikuwa chipu moja ya 74LS245, ya kupitishia data, iliyo kati ya prosesa na kumbukumbu ya picha. Kalamu ya kupimia mantiki haikuwasha taa yoyote kwenye mguu mmoja wa kutolea ishara, yaani volti zake zilikuwa zimeganda kati ya 0.8 na 2.0, mahali ambapo si chini wala si juu. Chipu ya kumbukumbu iliyokuwa jirani ndiyo ningeilaumu kama nisingepima. Hiyo 74LS245 niliikata miguu yote 20 kwa koleo dogo, nikatoa mguu mmojammoja kwa joto na risasi mpya kidogo ya kulehemea, nikaweka soketi na chipu mpya.

Kapasita zikae mpaka mwisho. Zile kubwa za upande wa sauti huchoka kweli, ila mara chache sana ndizo zinazovuruga picha.

Fanya vipimo hivi mezani, bodi ikiwa imetengwa na kioo cha zamani ambacho hubeba maelfu ya volti. Ukishapata vipimo vya miguu ya 6, 11 na 26, viandike hapa pamoja na picha ya bodi pande zote mbili, nami nitaendelea nawe kuanzia hapo.