Kwa Wanaoanza: Baiskeli, Barabara za Lubumbashi na Mabaki ya Shaba

Mgeni anayefika Lubumbashi na baiskeli huuliza kwanza ni barabara gani iliyo salama. Hakuna barabara iliyo salama kutwa nzima, lakini kila barabara ina saa yake, na anayeijua saa hiyo hupita kwa amani hata pale ambapo mwenzake, saa mbili baadaye, atasukumwa mtaroni. Chaussée de Kasenga alfajiri ni barabara tulivu; ikigonga saa moja na nusu asubuhi, wakati mabasi madogo yanapogombania abiria na malori ya migodi yamekwisha kuingia, mtu mwenye busara huwa ameshaimaliza. Kwa hiyo kabla ya kupanga safari yoyote, simama siku moja kando ya barabara unayoitaka, bila baiskeli, uone inavyojaa na inavyopungua. Wengi hulipuuza shauri hili kwa sababu halionekani kuwa kazi.

Walimu wa kwanza wa mwendesha baiskeli hapa ni wabeba makala, yaani makaa ya kupikia. Wanatoka porini usiku, kwa njia ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi, magunia matatu au zaidi yamefungwa juu ya kinga moja, yaani baiskeli, na ukiitazama kwa karibu utaona kwamba kinga hiyo si ile iliyotoka dukani: uma wa mbele umeunganishwa vyuma vya ziada, kibebeo cha nyuma kimechomelewa upya, na kamba za mpira zimezungushwa mara nyingi hadi mzigo na chombo vimekuwa kitu kimoja. Mwenyewe haendeshi, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Fuata alama ya magurudumu yao, kwa kuwa wanalijua kila shimo na hawapiti mahali panapowapotezea nguvu. Ila usiwafuate kwa karibu kwenye mteremko: mzigo ule hausimamishwi kwa breki, na mtu aliye mbele yake hana pa kukimbilia. Ukitaka kuwapita, ita kwanza kwa sauti, “Jambo, papa, napita kushoto!” kisha pita ukiwaachia nafasi pana.

Jambo linalowashangaza zaidi wanaotoka nchi nyingine ni usukani wa magari. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini Zambia na Tanzania, ambako magari mengi ya hapa hupitia, huendesha upande wa kushoto. Matokeo yake ni kwamba magari mengi mjini kwetu yana usukani kulia, kinyume cha barabara yenyewe. Kwa mwendesha baiskeli hali hii ina faida moja na hatari mbili. Faida ni kwamba dereva anayekupita amekaa upande wako, anakuona vizuri, na mkitazamana usoni mnaelewana. Hatari ya kwanza ni pale dereva huyo anapotaka kulipita lori: haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari lake kwenye upande mwingine, na ukiwa unakuja kutoka mbele, nusu hiyo ndiyo utakayokutana nayo. Usihesabu kwamba amekuona. Jiweke ukingoni mapema kila unapoona lori likifuatwa na gari dogo lenye haraka. Hatari ya pili ni mlango wa basi dogo. Basi lililotengenezwa kwa nchi za kushoto lina mlango upande wa kushoto, na kwetu mlango huo unafungukia katikati ya barabara. Abiria wanashuka mahali ambapo wewe ungetaka kulipita basi. Basi likisimama, nawe simama nyuma yake. Ni kusubiri kidogo tu.

Kuhusu manseba, yaani madereva wa pikipiki za abiria, sina mengi ya kusema: hawatabadilika kwa ajili yetu. Nenda mstari ulionyooka, usiyumbe, wao watakuzunguka. Anayeyumba ndiye anayegongwa. Karibu na soko la Kenya, ambayo hapa ni komini, yaani sehemu ya mji wetu, shuka usukume, maana pale barabara ni ya mama wenye mabeseni na vijana wenye mikokoteni. Kwenye reli, ambazo zinaukata mji wetu mahali pengi tangu treni ya kwanza ilipofika kutoka kusini mwaka 1910, vuka kwa kuikata reli moja kwa moja, kamwe si kwa mshazari, hasa wakati wa mvua.

Majira nayo yanaamua mengi. Mvua zinaanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi mwezi wa tatu au wa nne. Katika miezi hiyo njia za udongo za pembezoni huwa matope mekundu yanayojaa kati ya gurudumu na uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kuanzia mwezi wa tano hakuna mvua, asubuhi ni baridi, kwa sababu mji uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na vumbi linaanza. Funga kitambaa puani na vaa miwani, hata kama marafiki watacheka. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua kurudi, joto ni kali, na sishauri mtu ajaribu safari ndefu ya kwanza wakati huo.

Sasa nifike kwenye mabaki, kwa sababu wengi wanaokuja kujifunza njia hizi wanavutwa na historia ya shaba, na wengi wanaondoka wamekata tamaa. Wametarajia kuta, nguzo na ngazi za mawe. Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, haina vitu hivyo. Wayeyushaji wa zamani walijenga matanuri yao kwa udongo wa vichuguu, wakayatumia katika kiangazi, wakayavunja au wakayaacha yaliwe na mvua. Kilichobaki kiko chini ya miguu yako: vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, vigae vya vyungu, na mavi ya shaba, yaani ule uchafu mzito unaobaki madini yakishayeyushwa.

Ndiyo maana nawapeleka wanaoanza kwanza kwenye mabaki ya karne iliyopita, ambayo hata kipofu angeambiwa yalipo. Bomba kubwa la moshi la kiwanda kilichokuwa cha Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ambacho mwaka 1911 kilianza kutoa shaba kando ya mto Lubumbashi, na mlima mweusi ulio jirani nalo, vinaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na ukipotea njia vitakurudisha. Mlima ule ni mavi ya shaba matupu, yaliyomwagwa mwaka baada ya mwaka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukichotwa kwa sababu ndani yake bado mna kobalti. Utazame kutoka barabarani, uone weusi wake na mng’ao wake kama wa kioo. Macho yakishaizoea rangi hiyo, yataitambua porini katika kipande kisichozidi kidole.

Baada ya hapo ingia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, kabla ya kutoka mjini na si baada. Humo kuna misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama mali ya biashara na ya mahari, na ambayo watu wa Upemba, kaskazini kwetu, walizikwa nayo karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika. Serikali ya Katanga iliyojitenga na Kongo mwaka 1960 iliweka mitatu kwenye bendera yake. Anayeishika sura ya msalaba huo akilini huielewa safari iliyobaki, kwa kuwa kila kipande cha mavi atakachokiona baadaye ni sehemu ya kazi iliyozaa kitu kama hicho.

Mabaki ya kale yenyewe hayako mbali. Kwenye mto Naviundu, ambao leo umezungukwa na nyumba, wanaakiolojia walikuta dalili za kuyeyusha shaba za zaidi ya miaka elfu moja, na aina ya vyungu waliyoiona pale wakaipa jina la mto huo. Upande wa Luano walisaidiwa na mmea. Kuna ua dogo la zambarau, ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense, linalostahimili udongo wenye shaba nyingi ambao huua mimea mingine. Mahali penye tanuri la zamani udongo umejaa shaba, na ua hilo hukusanyika hapo hapo. Watafiti walichimba chini ya maua wakakuta matanuri. Kwa mwendesha baiskeli, elimu hii ni ya thamani kuliko ramani: ukipita katikati ya miti ya miombo ukaona uwanda usio na mti hata mmoja, punguza mwendo na tazama chini. Inawezekana ni kilima cha shaba ya asili, inawezekana ni mahali pa kazi ya watu, na tofauti yake utaisoma kwenye vigae.

Safari ya siku nzima ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ya Kipushi, kilometa 30 hivi kwa lami, hadi mpaka wa Zambia. Watu walichimba na kuyeyusha shaba huko karne nyingi kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa mwaka 1924. Mgodi huo ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki, jambo ambalo limeongeza malori barabarani. Usinywe wala usiogee maji ya vijito vilivyo chini ya migodi, hata yakiwa safi machoni. Chukua maji ya kutosha kutoka mjini. Munkoyo wa njiani, kinywaji cha kienyeji cha mahindi na mizizi, ni mtamu na unatia nguvu, lakini kunywa kwa mama anayenywa mwenyewe.

Beba kadi ya mpiga kura, au pasipoti ukiwa mgeni, na ukiingia kijijini mtafute shefu, yaani mkuu wa kijiji, kabla ya kutembea mashambani. Kamera iache mfukoni karibu na mgodi, daraja, reli au askari, na ukitaka picha omba kwanza. Kigae ukikiona kiinue, kitazame, kirudishe kilipokuwa, kwa maana kikihamishwa hakimwambii mtafiti lolote tena.

Kwado, yaani fundi wa kuziba matairi, yuko karibu kila njia panda ya mjini, na kwa pesa kidogo ataziba mpira wako vizuri kuliko utakavyoziba mwenyewe, lakini ukishavuka nyumba za mwisho anakuwa adimu. Beba pampu, viraka, mpira mmoja wa ndani na waya wa breki. Baiskeli ya kawaida nzito yenye spoku nene hushinda ile nyepesi ya gharama, kwa sababu vipuri vyake vinauzwa kwenye soko la komini ya Kenya na kila kwado anaijua. Mwezi wa sita jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni na taa za barabarani ni chache, kwa hiyo atakaye kulala mjini aondoke Kipushi saa nane mchana, hata kama kuna uwanda mmoja usio na miti ambao hajaufikia.