Re: Kocha wa vijana, ninunue vesti za GPS?

Kocha, nimekuelewa: timu ya vijana, mfuko mdogo, na umesikia klabu ya Brentford ya Uingereza wanasajili kwa takwimu. Vesti hizo zenye kifaa cha kupima mbio za wachezaji ziache kwanza. Wachambuzi wa aina hiyo hupima ubora wa nafasi, si wingi wa mashuti: penalti huingia takriban mara 3 kati ya 4, shuti la mbali huingia kwa nadra. Hilo unaliweza kwa daftari. Chora uwanja, kila shuti litie alama pale lilipopigwa, goli lizungushie duara. Mechi mbili tatu zisikudanganye. Subiri kumi hivi, ndipo umwite yule anayefumua tu nje ya boksi (kila timu inaye). Mchezaji akilalamika goti, huyo ni wa daktari, hata namba zake ziwe nzuri vipi.