Jibu: Binti yangu wa PCB anataka Princeton, tutaweza?

Shikamoo mama. Umesema binti yuko kidato cha 5 hapa Tabora, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anautaka udaktari, na gharama ya zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka imekutisha. Bei hiyo isikukatishe tamaa. Princeton, chuo kikuu cha Marekani, haiangalii uwezo wa fedha inapochagua wanafunzi, hata wa kutoka nje ya Marekani, na anayechaguliwa hupewa ruzuku ya kufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Si mkopo, hadaiwi kitu. Kama mnaishi kwa tumbaku na asali, andikeni mapato ya msimu kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Ada ya maombi nayo aombe asamehewe.

Cha kuwahi ni tarehe. Mwisho wa maombi ni Januari 1, wakati mtihani wa kidato cha 6 ni Mei. Kwa hiyo atatuma matokeo ya kidato cha 4, maendeleo yake ya shuleni, insha na barua za walimu. Wasemeshe walimu sasa, maana barua nzuri huandikwa na mwalimu anayemfahamu mtoto kwa undani, na nyingi nilizoziona zinamsifu tu kwa nidhamu.

Ila Princeton haina shule ya udaktari. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na huko ruzuku ni ngumu zaidi kwa mgeni. Mzungumze hilo mapema.

Malazi yasikuumize kichwa: miaka 2 ya kwanza wote hukaa chuoni. Baridi ndiyo kali, ajiandae.